Kopa au ree: hiyo karata moja imeenda wapi?

Fundi Cherehani:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mshonaji, hesabu zangu zinaishia kwenye futi. Binti yangu wa kidato cha nne kaja na swali: ukichomoa karata moja bila kuangalia, uwezekano wa kutoka kopa (fungu la moyo mwekundu) au ree (karata ya A, moja kwa kila fungu) ni upi? Karata nimezicheza barazani tangu utoto, nikamjibu kifua mbele: kopa 13, ree 4, jumla 17 kwa 52. Daftari limerudi na kosa jekundu, pembeni mwalimu kaandika 16 basi. Mtoto ananitazama kama nimemharibia gauni la harusi.

Mzee wa Shupaza:
Fundi, shusha karata mezani. Panga kopa zote mstari mmoja, 13. Sasa leta ree nne. Ya uru hii, ya shupaza hii, ya pau hii. Ya kopa je? Imeshalala mstarini! Umeihesabu mara mbili. 13 + 4 − 1 = 16, yaani 16/52, ukirahisisha 4/13.

Mama Chai:
Mie nimejaribu kwa wateja wangu wa leo. Walikuja 40: chai 28, chapati 22. Jumlisha uone, 50! Hao 10 wa ziada walikaa wapi? Waliochukua vyote ni 18, kwa hiyo 28 + 22 − 18 = 32. Wanane waliobaki, saba ni wa uji, na mmoja wa soga tu.

Mzee wa Shupaza:
Safi mama. Ila fundi, swali likiwa kopa au shupaza usitoe kitu, hakuna karata iliyo zote mbili: 26/52. Na idadi ya "vyote" usiibahatishe kwa kuzidisha. Kwenye karata 1/4 × 1/13 inakubali, 1/52. Kwa mama, 28/40 × 22/40 ya wateja 40 inakupa watu kama 15, naye kawaona 18. Chai inaita chapati.

Fundi Cherehani:
Kumbe ni mshono! Kitambaa cha inchi 13 na cha inchi 4, vikilaliana inchi moja, napata 16. Hilo nalifanya kila siku. Nimehakiki pia kwa zisizo kopa wala ree: mafungu matatu, 12 kila moja, 36. Zinabaki 16. Tatizo binti kaibandika ree ya kopa daftarini kwa gundi, na karata zenyewe ni za wazee wa barazani.