Mtoto ana usonji na wasiwasi mkali: CBT, tiba kazi, mafunzo ya wazazi au dawa, tuanze na ipi?

mama_mbili
Wakuu habari za muda huu. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana usonji, anaongea vizuri tu na darasani anafuata, shida ni wasiwasi na mwaka huu umezidi. Ikifika jioni anaanza, kesho nani atakuwa mlangoni, mwalimu atakuja, kengele italia saa ngapi, namjibu, anauliza tena yaleyale, namjibu tena, mpaka usingizi unamchukua. Ngozi ya pembeni ya kucha anaichuna mpaka inatoa damu. Asubuhi za shule tumbo linauma, Jumamosi haliumi.

Nimeshaambiwa njia nne na kila aliyeniambia ana uhakika na yake. Mwanasaikolojia wa kumfanyia CBT (tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kubadili fikra na kukabili hofu hatua kwa hatua), mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy), mafunzo ya sisi wazazi wenyewe, na dokta mmoja akagusia dawa. Vyote kwa pamoja hatuwezi, pesa na muda vinatosha kimoja, labda kimoja na nusu. Naomba waliopitia mnilinganishie, kipi kinasaidia nini na kipi hakigusi nini.

mzazi_wa_ramani
Pole sana mama. Ujue kwanza hili ni la kawaida mno kwa watoto wetu, kuna uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya tafiti 31, ukakuta karibu asilimia 40 ya watoto na vijana wenye usonji wana angalau tatizo moja la wasiwasi la kufikia kupewa jina hospitali. Kwahiyo mtu akikwambia "ni usonji tu huo" usikubali, wasiwasi ni kitu cha pembeni yake na una tiba yake.

Kwa mtoto anayeongea na ana miaka 9 mi ningeanza na CBT, ila sio CBT yoyote. Mwaka 2020 ulitoka utafiti kwenye jarida la JAMA Psychiatry, watoto 167 wenye usonji na wasiwasi, wa miaka 7 hadi 13, wengine walipewa CBT ya kawaida, wengine CBT iliyorekebishwa kwa ajili ya usonji, wengine wakaendelea na huduma walizokuwa wanapata. CBT zote mbili zilizidi huduma za kawaida na iliyorekebishwa ndo ikaongoza. Mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, nao unataja marekebisho yenyewe: maandishi na picha nyingi zaidi, kumfundisha kutambua hisia, maswali ya kuchagua jibu badala ya "unajisikiaje", mapumziko, mzazi ashirikishwe, na kutumia kile mtoto anachokipenda.

Wangu anapenda ramani. Mtaalamu wake akamchorea hofu ya mbwa kama safari kwenye ramani, kituo cha kwanza kuangalia mchoro wa mbwa, cha pili video bila sauti, cha tatu video yenye sauti, mbele huko mbwa amefungwa ng'ambo ya barabara, na kila kituo mtoto anaandika namba ya hofu toka 0 mpaka 10 akifika na akiondoka. Akikwama kituo kinagawanywa viwili. Hofu ya mbwa ilishuka, sasa anapita nyumba yenye mbwa bila kunivuta mkono. Kelele ndo haikugusa hata kidogo, kwenye kelele bado yuko palepale.

Kabla hujalipa muulize huyo mwanasaikolojia ashawahi kufanya kazi na mtoto mwenye usonji, wewe utakaa ndani au nje, na mtoto akishindwa kueleza anachohisi yeye atafanyaje. La mwisho ndo litakuonyesha kama anaijua kazi.

tibakazi_watoto
Nafanya tiba kazi na watoto. Mama mbili, kengele umeitaja haraka sana lakini mi ndo imenisimamisha. Anaogopa kengele kwasababu hajui italia lini, au kwasababu ikilia inamuumiza masikio? Hizo ni hofu mbili tofauti na njia zake hazifanani. Kama sauti inamuumiza kweli, kumzoesha hatua kwa hatua avumilie ni kumtesa, hapo unaanza na mazingira, akae mbali na kengele, hedifoni za kuzuia kelele, aonywe dakika chache kabla. Kama ni kutojua, basi saa ukutani na ratiba vinafanya kazi kubwa kuliko hedifoni.

Chukua daftari, kwa muda wa wiki mbili hivi andika kila wasiwasi unapompanda: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia, kulikuwa na kelele, watu, harufu, njaa, mabadiliko gani. Daftari hilo mtaalamu yeyote utakayemwendea atalihitaji.

Tiba kazi itamsaidia kwenye sauti, mwanga, nguo, choo, kuutambua mwili wake unapoanza kukaza kabla hajalipuka. Yale maswali ya kesho nani atakuwepo, hayo kwa kweli sio yangu. Halafu mtu asikuuzie blanketi zito kama tiba. Utafiti wa Uingereza wa 2014 uliowafuatilia watoto 67 wenye usonji haukuona wanalala zaidi wakilitumia, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Akilipenda mpe, ila usiliwekee bajeti ya tiba.

baba_binti
Mi nataka kusemea wale ambao watoto wao hawaongei maana uzi kama huu huwa unatupita. Binti yangu hana maneno, CBT walitwambia haimfai na wakaishia hapo, hakuna aliyesema sasa nini kinamfaa.

Aliwahi kuanza kujipiga shavu na kukataa kutoka nyumbani, kila tulikoenda tunaambiwa wasiwasi, tabia, usonji. Mama yake akaona anatafuna upande mmoja tu. Jino la nyuma lilikuwa limeoza. Lilipotibiwa kujipiga kukaisha kabisa na kutoka nyumbani akakubali pole pole. Kwahiyo mama mbili, hilo tumbo la asubuhi hata kama unajua ni la shule, lipime. Meno, masikio, choo kigumu, usingizi. Watoto wetu wengi wana shida ya choo na hawasemi, na mtoto anayeongea vizuri sio lazima aweze kusema wapi panauma.

Baada ya hapo kilichotusaidia ni ratiba ya picha. Sio kitu kipya, wale wa TEACCH, programu ya usonji kule North Carolina, Marekani, wanafanya kazi hii tangu 1972. Siku nzima iko ukutani kwa picha, kikiisha kitu anaitoa picha mwenyewe anaiweka kwenye boksi, na tuna kadi moja ya njano ya "kimebadilika" ambayo tulimfundisha kwanza kwa mabadiliko anayoyapenda ili asiichukie. Na mafunzo ya wazazi tulipata yale ya WHO ya walezi, ni vikao 9 vya kikundi na mtu anakutembelea nyumbani mara 3, yamelenga watoto wa miaka 2 hadi 9. Hayakutengenezwa kwa ajili ya wasiwasi, ni mawasiliano na kucheza na tabia, ila binti alipopata njia ya kusema "hapana" na "toka" vurugu zilipungua sana na hilo kwetu lilikuwa kubwa.

afya_asilia77
Mnahangaika bure, kuna tiba ya kutoa sumu za metali mwilini, watoto wanapona usonji kabisa na wasiwasi unaondoka wenyewe. Njoo inboksi.

nesi_wa_zamu
Mama mbili usiende hiyo inboksi. Dawa za kutoa metali ni kwa mtu aliyethibitika kwa kipimo kuwa ana sumu ya metali, kwa usonji hazina kazi, na mwaka 2005 kule Marekani mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alikufa akiwa anapewa hiyo "tiba". Nalisema kwa herufi za kawaida ila nalimaanisha sana, watoto wetu sio wa kufanyiwa majaribio.

Sasa dawa halisi, maana hakuna aliyeligusa. Dawa mbili zinazotajwa sana kwa usonji, risperidone na aripiprazole, Marekani zilipitishwa 2006 na 2009 kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza, sio wasiwasi. Zile za jamii ya SSRI (kundi la dawa za sonona) ndo za wasiwasi kwa watoto wengine, lakini kwa watoto wenye usonji ushahidi ni mdogo. Mwaka 2009 citalopram ilijaribiwa kwa watoto 149 kwa ajili ya tabia za kujirudia, haikuizidi dawa ya uongo (kidonge kisicho na dawa ndani), na walioinywa walipata zaidi kuchangamka kupita kiasi, kukosa usingizi, kufanya vitu bila kufikiri. Simaanishi hazifai kabisa, nimeona mtoto aliyekuwa hali wala halali, dawa ikamshusha mpaka akaweza kukaa na mwanasaikolojia. Ila ianze kidogo sana, iongezwe taratibu, na dokta awe ni wa kumpata wiki za mwanzo mtoto akibadilika. Na ukishaanza usiikate ghafla. Kwa mtoto anayeenda shule na kulala kama wako mi nisingeianza kabla ya mengine.

mkubwa_mwenye_usonji
Nina usonji, nimeshakuwa mtu mzima, nasema kutoka upande wa ndani. Mtoto wako anauliza yaleyale sio kwasababu hajasikia jibu. Jibu la mdomo linapotea, ukimaliza kusema halipo tena, na kesho bado ni giza. Iandike. Nani mlangoni, nani akikosekana huyo, kengele saa ngapi, kitu gani kinaweza kubadilika na kikibadilika atafanya nini. Akiwa na karatasi mkononi kesho inakuwa na umbo.

Na kuhusu CBT, uliza lengo ni nini. Kama lengo ni aonekane ametulia, atajifunza kuonekana ametulia. Nilifanya hivyo shule yote, walimu wakasifia, nikifika nyumbani nazima kabisa siwezi hata kuongea. Mtoto anayesifiwa shuleni na kulipuka nyumbani hajaharibikiwa nyumbani, ameshikilia siku nzima.

mzazi_wa_ramani
Mkuu hapo kwa lengo nakuunga mkono kabisa. Ila kwenye kujibu maswali nataka kuongeza kitu kwasababu wataalamu wa wasiwasi wanaonya, ukimjibu mtoto kila anapouliza unamtuliza dakika mbili halafu wasiwasi unarudi na njaa zaidi. Kuna programu ya Chuo Kikuu cha Yale inaitwa SPACE, mtoto hata haendi kliniki, anafundishwa mzazi apunguze yale anayofanya kwa ajili ya kuikwepa hofu ya mtoto, huku akimwonyesha anamwelewa na anamwamini ataweza. Kwenye utafiti wa watoto 124 ilifanya vizuri sawa na CBT. Wale hawakuwa wamechaguliwa kwa usonji kwahiyo usiichukue nzimanzima, ila kwa mwenye pesa ya kitu kimoja ni ya kufikiria sana.

mkubwa_mwenye_usonji
Nakuelewa, na sioni kama tunapingana. Taarifa mpe yote, mara moja, kwa maandishi. Akiuliza mara ya pili usimnyamazie, mwambie "naona kesho inakusumbua, jibu liko kwenye karatasi, twende tukalisome", na baadaye "kalisome kisha uniambie". Kinachopunguzwa hapo ni mdomo wako, taarifa bado anayo. Mkimnyima taarifa kwa jina la kumzoesha mtamwongezea hofu, hilo nina uhakika nalo.

tibakazi_watoto
Hii ya mkuu hapa juu ni nzuri sana, naichukua kazini.

mwl_msaidizi
Mimi ni mwalimu. Yako mambo shule inaweza kufanya bila hela: mtu mmoja yuleyule wa kumpokea mlangoni na wa akiba anayejulikana jina, kukaa karibu na mlango, kadi ya kutoka dakika tano bila kuulizwa maswali mbele ya darasa, kuambiwa mapema kukiwa na zoezi la king'ora au mwalimu mgeni. Omba yaandikwe na kila mwalimu apewe nakala, maana yakibaki kichwani kwa mwalimu mmoja siku akiumwa mtoto anaanza sifuri. Uliza pia kuhusu uonevu, na umuulize mtoto kwa kuchora au kuchagua picha, wengi hawasemi kwa mdomo. Mtoto anayeonewa hana tatizo la wasiwasi, ana sababu.

mama_mbili
Jamani nimesoma yote mara mbili, asanteni kutoka moyoni. Jana nilimuuliza kuhusu kengele kwa michoro, akachagua ya mtoto aliyeziba masikio NA ya saa yenye alama ya kuuliza, kwahiyo ni vyote viwili. Sasa tumekubaliana na baba yake hivi: wiki hii tumbo na meno vipimwe, daftari limeanza, karatasi ya kesho tunaandika naye kila jioni, na shule naenda na orodha ya mwalimu. Vyote hivyo gharama yake ni ndogo. Pesa ya kitu kimoja tunaiweka kwenye CBT, ila kwa mtu atakayejibu vizuri yale maswali matatu, na tiba kazi tutaenda mara moja kwa ajili ya sauti tu. Dawa tumeiweka pembeni kwa sasa, akiacha kula au kulala tutarudi kwa dokta.

Swali la mwisho, nitamwambiaje kwamba anaenda kwa mwanasaikolojia bila kumpa hofu mpya? Akisikia daktari anajua sindano.

mkubwa_mwenye_usonji
Usimwambie njiani. Mwambie siku mbili tatu kabla, na omba wakutumie picha ya jengo, ya chumba, na ya mtu mwenyewe. Andika hakuna sindano, hakuna kuvua nguo. Andika kinaanza saa ngapi na, muhimu zaidi, kinaisha saa ngapi. Mwambie kwanini anaenda kwa ukweli, kwamba wasiwasi unamchosha na huyu kazi yake ni hiyo, usimwambie mnaenda kucheza maana siku akigundua na karatasi zako hataziamini tena. Mkubaliane alama ya mkono ya kusimamisha, mwombe mtaalamu aiheshimu siku ya kwanza hata akiitumia kila baada ya dakika moja. Na abebe kitu chake anachokipenda, akiongelee hicho kwanza.