Tupeane uzoefu: swichi ya usalama ya trekta dogo ikigoma, wewe ulifanyaje?

Mbarali Mpunga: Wakuu salaam. Jirani yangu trekta lake limemgomea katikati ya kuvuruga majaruba, lile dogo la Kijapani, used. Taa zinawaka, honi inalia, ukizungusha ufunguo kimya, hata "tik" hakuna. Watu wakaanza kufungua stata. Nikawaambia subirini, nikaingiza mkono chini ya pedali ya klachi. Kuna kaswichi ka usalama pale, kana kichwa kinachobonyea; pedali isipokibonyeza, stata haipati umeme. Tope lilikuwa limekaukia pembeni yake, gumu kama tofali, pedali ikishuka kichwa hakiingii. Tukakwangua kwa kijiti, brashi ya meno na dizeli kidogo, likawaka. Najua humu wengi yamewakuta. Leteni yenu.

Fundi Waya: Stata zinazofunguliwa bure kwa sababu ya hako kaswichi ni nyingi mno, inaniuma kweli. Fuateni njia ya umeme. Unatoka betri, fyuzi, swichi ya ufunguo, halafu unapitia swichi za usalama zikiwa mstari mmoja: ya klachi, ya PTO (ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta), na mengine yana ya kiti. Ndipo ufike kwenye rilei au solenoidi, ile swichi ya umeme inayoipa stata moto. Moja ikikata, stata hainusi umeme. Ufunguo ukiwa umezimwa, chomoa plagi ya swichi, weka mita kwenye alama ya kengele, gusa pini zote mbili. Bonyeza kichwa: ilie. Achia: inyamaze. Zipo zinazofanya kinyume, lakini lazima hali ibadilike. Isipobadilika, swichi imekufa. Ikibadilika, kabla ya kununua kitu angalia bati linaloishikilia, mara nyingi limepinda na pedali haifiki.

Dada wa Ifakara: Bati kupinda, kweli kabisa. Letu lilikuwa hilo hilo.

Kamanda Jembe: Mnajisumbua. Mimi nimekata waya mbili za swichi, nimezisokota pamoja, nikafunga na utepe. Msimu wa pili huu linapiga mzigo. Mvua haisubiri mita.

Fundi Waya: Kamanda, kuunga hivyo dakika mbili ili kujua tatizo liko wapi, hata mimi nafanya, gia ikiwa fri na rotaveta, ile mashine ya visu vya kuvurugia udongo, imekatwa. Kuliacha hivyo msimu mzima ni jambo lingine. PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara tisa kwa sekunde. Mtu akishikwa suruali hana nafasi ya kupiga kelele.

Kamanda Jembe: Dereva wangu mzoefu.

Bint Usangu: Hilo neno "mzoefu" ndilo limeniandikisha. Wa kwetu naye alikuwa mzoefu. Trekta lilikuwa na swichi ya klachi iliyoungwa moja kwa moja na mwenye nalo wa zamani, na ufunguo nao ukawa unasumbua, kwa hiyo kijana alizoea kuliwasha akiwa amesimama chini, pembeni ya gurudumu la nyuma. Anafungua ufunguo, anakwenda kwenye stata na bisibisi, anagusanisha zile bolti mbili, cheche zinaruka, injini inawaka. Siku ile lilikuwa limelala na gia kwa sababu breki ya mkono haikamati na pale ni mteremko wa kwenye mfereji. Alipogusa tu, likawaka na kuondoka hapo hapo. Gurudumu likampanda paja, likamzamisha kwenye tope. Niliona zile meno za tairi zikipita juu ya kaptura yake ya bluu. Shangazi ndiye aliyekimbia akalirukia, akavuta kile kishikio cha kuzimia injini, likazima likiwa limegonga tuta. Tope lilikuwa laini, ndilo lililomwokoa. Mfupa wa paja ulivunjika. Leo anatembea, lakini jaruba haingii tena. Kaka Kamanda, nakuomba, rudisha hiyo swichi.

Dada wa Ifakara: Jamani! Nimesoma nimeshika mguu wangu.

Mbarali Mpunga: Shangazi alijuaje kishikio cha kuzimia?

Bint Usangu: Mumewe alimfundisha siku trekta lilipofika. Na mimi nimewafundisha wanangu wote.

Kamanda Jembe: Pole sana dada. Hilo la bisibisi sijawahi kulifanya. Swichi yenyewe inapatikana wapi?

Mwanakaya: Dar nenda Gerezani, Kariakoo, nenda na ile mbovu mkononi. Usitaje jina la trekta tu, watakupa isiyo yake.

Mwea Mchele: Huku Kenya tunatafuta Kirinyaga Road, Nairobi. Kwangu tatizo ni ya kiti. Mashine inazima nikipita kwa tuta, kwa sababu narushwa juu kidogo. Jamaa mmoja akaniambia niweke jiwe chini ya kiti.

Fundi Waya: Usiweke jiwe! Ukianguka trekta litaendelea bila wewe. Angalia springi na sponji ya kiti, zikichoka hazibonyezi swichi vizuri. Punguza na mwendo kwenye matuta.

Mzee Ghala: Yangu waya zilitafunwa na panya. Dawa ni kufuga paka.

Dada wa Ifakara: Paka grisi nyingi kwenye kichwa cha swichi, maji hayaingii.

Fundi Waya: Grisi nyingi inakusanya vumbi, dada. Kidogo sana, tena kwenye mpira wa nje tu.

Mzee Ghala: Mimi nimepaka miaka yote na iko salama. Ila swali: langu linawaka hata klachi ikiwa juu, mradi gia iko fri. Ni ugonjwa?

Fundi Waya: Si lazima, mzee wangu. Mengine yanaangalia gia badala ya klachi. Ingia kwa chini uangalie kama pale kwenye klachi pana swichi au pana tundu tupu, kisha fuata waya mpaka kwenye gia. Piga picha ya plagi, pini zionekane, uweke hapa.