Mvuke, maji, upepo au sola: kipi kinapunguza hewa ukaa ya nchi kweli?

mpenda_takwimu: Wakuu habari za saa hizi. Naona watu wanashangilia asilimia tu. Kenya karibu asilimia 90 ya umeme ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na sola, sisi Tanzania tumepata Bwawa la Nyerere megawati 2,115. Sasa hewa ukaa (kaboni) ya nchi nzima inashuka au ni umeme tu ndo umekuwa msafi? Na kama pesa ingekuwa ya kuweka sehemu moja mngeweka wapi?

mwana_naivasha: Mimi naweka kwa mvuke bila kufikiria mara mbili. Mitambo ya mvuke ya Olkaria, huku Naivasha, imeanza 1981 na mpaka leo inatoa stima (umeme) usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Kuna kaboni kidogo hutoka na ule mvuke lakini ukilinganisha na mtambo wa mafuta mazito kama wa Kipevu ni kitu kidogo sana. Upepo wa Turkana ni poa, megawati 310, ila mitambo yote 365 ilisimama tayari ikingoja laini ya umeme ya kwenda Suswa kuiunga na gridi hadi 2018, na serikali ikalipa fidia ya stima ambayo hakuna mtu aliwasha. Yani bila laini upepo haujapunguza moshi hata kidogo.

kijana_wa_ubungo: Mkuu mvuke mnao nyie wenye Bonde la Ufa limechemka, sisi hata huku kwetu lipo ila bado hatujachimba kitu cha maana. Kwetu ni maji na gesi. Bwawa likijaa gesi inapumzika, hapo kaboni inapungua kweli, lakini ukame ukija kama 2006 au 2011 tunarudi kwenye mgao na majenereta ya dizeli kila duka Kariakoo. Na gesi iliyopona kwenye umeme haikai chini ya ardhi, inaenda kwenye bajaji na viwandani. Sawa bajaji ya gesi ni afadhali kuliko ya petroli, ila bado inachoma.

fundi_sola_Arusha: Sola jamani msiidharau. Shida yake ni saa moja jioni, kila mtu anawasha taa na jua halipo. Ila ukiiweka mahali palipokuwa na jenereta, mnara wa simu, hoteli ya porini, kisima, hapo unaona lita za dizeli zinakatika kabisa. Ukiiweka kwenye gridi ambayo tayari ni ya maji unapunguza nini sasa?

dada_Hamburg: Huyo fundi kamaliza. Huku Ujerumani zaidi ya nusu ya umeme ni wa upepo, sola na wenzao, na bado kwa kila mtu tunatoa kaboni nyingi kuliko Wafaransa ambao karibu theluthi mbili ya umeme wao ni nyuklia. Sababu ni makaa ya mawe, hapa walipofunga mitambo ya mwisho ya nyuklia Aprili 2023 makaa yalikuwa bado yanawaka. Kwa hiyo usiulize umeweka nini, uliza umezima nini.

mama_kuni: Na mkaa mnausahau? Dar nzima inapikia mkaa lakini kwenye hesabu za kaboni ya mafuta na gesi haumo, unahesabiwa upande wa misitu. Jiko la umeme linaweza kuokoa miti mingi na takwimu unazoangalia wewe zisitikisike.

mpenda_takwimu: Aisee hilo la mkaa sikulitegemea. Basi kama ni kuuliza umezima nini, Ethiopia wameona mbali, wamezuia magari ya petroli kuingia tangu 2024, umeme wao karibu wote ni maji.

mwana_naivasha: Hapo ndio nilikuwa nataka tufike. Kenya mafuta ya magari ndio mzigo mkubwa, sio gridi. Usiku watu wakilala stima inabaki na mvuke unaachiliwa hewani bure, halafu asubuhi matatu na malori yanachoma dizeli Mombasa Road. Tangu 2023 kuna bei maalum ya kuchaji magari na boda za umeme, usiku ni kama nusu ya mchana. Boda mia zikichaji saa nane usiku zinapunguza moshi kuliko kuongeza mtambo mwingine wa upepo ambao utazimwa usiku huohuo, mi naona hivyo, anayepinga alete hesabu.