Notisi za mwalimu aliyeajiriwa: mali ya nani?

Wadau, nileteeni hoja, matusi wekeni pembeni.

Nilifundisha Jiografia miaka sita kwenye shule moja binafsi hapa Iringa. Notisi za kidato cha tatu na cha nne niliziandika mwenyewe, nyingi usiku, kwenye kompyuta yangu. Ramani nilichora kwa mkono. Nikaacha kazi. Likizo hii mtoto wa dada karudi na kijitabu chenye nembo ya shule, wanauziwa. Nikafungua penye ramani: Mto Ruaha Mkuu umeandikwa "Ruhaha". Kosa langu hilo, la saa nane usiku, nimelijua kama alama ya mwili wangu. Wameliacha. Walichofuta ni jina langu.

Mkataba haukutaja maandishi popote. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ila hapa nauliza lipi ni haki, maana hata wenzetu hawajapatana. Uingereza, kwa sheria ya 1988, alichoandika mwajiriwa katika kazi yake ni cha mwajiri, labda wawe wamekubaliana vingine. Na mwajiri akitoa bila jina lako, huna pa kudai. Marekani ndiyo wameniacha hoi: mwajiri anahesabika kuwa yeye ndiye mtunzi! Ufaransa ni kinyume, kuajiriwa peke yake hakukunyang'anyi kitu (programu za kompyuta zina utaratibu wake), na haki ya jina haiuziki.

Mimi nasimama na Wafaransa. Mshahara ulinunua vipindi vyangu.

*

Mchangiaji, Mwanjelwa:
Pole mwalimu, ila sikubaliani. Nina steshenari, nimeajiri kijana wa kudizaini. Kachora lebo ya mfuko wa mchele wa Kyela, mteja kapenda. Kesho akiondoka na lebo "yake", mteja nimwambie nini? Miezi ambayo hakuna oda namlipa vilevile. Hasara yangu peke yangu, halafu faida tugombanie?

*

Mwanzisha mada:
Kaka, lebo chukua. Kijana wako kaajiriwa achore lebo. Mimi mwalimu wa taaluma alinidai azimio la kazi na andalio la somo kila wiki. Notisi hakuna aliyewahi kunidai. Hao hao Waingereza mwaka 1952 walikuwa na kesi ya mfanyakazi wa kampuni ya ushauri wa biashara, Stephenson Jordan & Harrison dhidi ya MacDonald & Evans. Kaacha kazi, kaandika kitabu. Mahakama ikakichana: sehemu iliyotokana na mihadhara aliyotoa ni yake, sehemu aliyoiandaa akiwa kazini kwa mteja wa kampuni ni ya kampuni. Kitabu kimoja, wenyewe wawili. Kwa hiyo hata kwao, kuwa kwenye orodha ya mishahara hakumalizi ubishi.

*

Mchangiaji, Tukuyu:
Nimestaafu ukuu wa shule, nikuulize kitu kimoja, mwanangu. Kopi za wanafunzi ulikuwa unatoa wapi?

*

Mwanzisha mada:
Shikamoo mzee. Mashine ya shule. Rimu za shule, wino wa shule. Nilijua tu kuna mtu atafika hapo.

*

Mchangiaji, Tukuyu:
Marahaba. Basi na shule ina chake humo.

*

Mwanzisha mada:
Sawa mzee, wapige hesabu ya rimu za miaka sita, nalipa. Jina langu walirudishe pale chini ya ramani. Na "Ruhaha" wairekebishe, watoto wana mtihani Novemba.