Tupeane uzoefu: shule kuvuna maji ya mvua kwenye paa

Mwanzisha uzi: Wakuu, tuzungumzie maji ya paa shuleni, hasa kanda kavu kama Dodoma. Watoto wanabeba ndoo asubuhi na vipindi vinapotea. Leteni vipimo.

Kamba na Futi: Anzeni na hesabu, na darasa la sita ndio waifanye. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Jengo la madarasa mawili, mita 18 kwa 8 (pimeni chini, si mteremko wa bati), ni mita za mraba 144. Mvua ya Dodoma kwa mwaka chukulieni milimita 550. Toeni asilimia 20 inayorukia nje au kukaukia kwenye bati, zinabaki lita 63,360. Sasa simtanki (tangi la plastiki) la lita 10,000 linajazwa na milimita 87 tu, na watoto 300 wakinywa lita 1 kila mmoja kwa siku, linakauka siku ya 34. Fedha ikipatikana, ongezeni tangi kwanza. Paa mnalo.

Fundi Gata: Gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, ndiko wengi wanakoharibu. Sentimita 1 kwa kila mita ni mteremko mzuri, lakini ukienda nao mita 18, mwisho wa gata unakuwa sentimita 18 chini ya mwanzo wake na mvua kubwa inaruka nje. Wekeni bomba la kushushia katikati, mteremko utoke pande zote mbili. Vishikizo kila sentimita 60, vikiachana sana gata inabonyea, maji yanatuama na mbu wanazaliana humo. Halafu paa linaloteremka pande mbili likifungwa gata upande mmoja, ile hesabu ya mkuu igaweni kwa mbili.

Maji Safi: Maji ya mwanzo yana vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa hilo mwageni angalau lita 72 kabla hayajaingia tangini. Kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa mita 1 hubeba lita 8 hivi, hakitoshi kabisa. Fungeni pipa la lita 100 lenye tundu la milimita 3 chini, lijimwage lenyewe. Tundu huziba, hivyo wa zamu alizibue kila baada ya mvua. Ya kunywa: gramu 30 za klorini ya unga ya asilimia 70 kwa lita 10,000, ikorogwe kwanza kwenye ndoo, kisha subirini nusu saa.

Zege: Simtanki hilo likijaa ni tani 10. Shindilieni udongo, mwage zege la sentimita 15 lenye wavu wa nondo. Koki iwe nusu mita juu ili ndoo iingie, na maji yanayomwagika yaende kwenye mipapai, yasilowanishe msingi wa darasa.

Kamba na Futi: Nyongeza. Dodoma mvua hushika Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Gata zisafishwe Novemba, koki ifungwe kwa kufuli na ufunguo akabidhiwe mtu mmoja anayeishi jirani, la sivyo watoto wanarudi Januari tangi likiwa tupu.