Picha ya Datsun niliyoitelekeza tangu 2021, naimaliziaje?

Msukuma_wa_rangi: Wakuu habari za jioni. Nina picha ya rangi za mafuta, Datsun 240Z ya Safari Rally, ile nyekundu yenye boneti nyeusi aliyoshindia Shekhar Mehta 1973. Niliiacha sababu tairi la mbele liligoma, kila nikilirudia linatoka kama yai, nikaigeuzia ukutani hapa Kirumba ikakaa hivyohivyo hadi juzi mwanangu kaitoa ananiuliza baba hii gari ina pancha? Sasa mzuka umerudi ila nyekundu imepauka mabakamabaka, huku inang'aa huku kavu kama chaki, na vile vidudu vya ziwani vimegandia kwenye anga kama kumi hivi. Rangi mpya nikipaka inajikusanya vitone, haikamati. Naanzia wapi?

fundi_Igoma: Mi napuliza magari yenyewe sio ya picha ila naona kanuni ile ile, uso ukiwa laini rangi haishiki. Msasa namba 400 na maji kidogo sana, pole pole. Usipige mkavu ukavuta lile vumbi, nyekundu zingine zina kadimiamu, madini yenye sumu.

Dada_Capri: Kaka msasa usiukimbilie. Futa kwanza vumbi na hao wadudu kwa pamba yenye unyevu kwa mbali, iache ikauke, halafu pakaa mafuta ya linsidi (yale ya mbegu za kitani) utando mwembamba mno, subiri kidogo pangusa yote yabaki kama hayapo. Nyekundu yako haijapauka, mafuta yake yamenyonywa na tabaka la chini, utaona inarudi kama siku uliyoipaka na hapo ndo uchanganye mpya ifanane nayo, ukichanganya kabla utafananisha na chaki na siku ya vanishi kila kiraka kitakuumbua. Na juu usijaze tapentaini, tabaka la juu liwe na mafuta kuzidi la chini la sivyo litapasuka. Msasa piga kwenye tairi tu, kingo za yale mayai zimeinuka, hata ukizifunika mwanga wa dirishani utazianika.

mzee_Pasiansi: Tairi paka tope yaishe. Safari ilikuwa Pasaka, masika yenyewe, nani alifika na tairi safi? Na mwaka huo Mehta na dereva mwenzake Harry Källström walilingana pointi za adhabu, yaani ilikuwa kubanana hasa.

Dada_Capri: Shikamoo mzee, ila yai ukilipaka tope linabaki yai 😂 Kaka chora kwanza mstari wa ekseli, ule upana mfupi wa tairi ulale kwenye mstari huo. Nahisi ulilisimamisha wima wakati gari imekaa mshazari.

Msukuma_wa_rangi: Dada umenipiga picha bila kuniona. Nimechora ekseli kwa chaki, kweli tairi lilikuwa limeinamia upande mwingine kabisa. Linsidi nimepaka usiku huu, boneti imeamka hadi nimeona nyeusi yake niliitia bluu, nilishasahau. Wadudu wanane wametoka, wawili wamezama kwenye rangi, hao nawafanya tope la mzee.