Ya serikali bure, michango ya wazazi au shule ya kanisa: kipi afadhali?

meku_wa_kibosho: Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, dogo anaingia la kwanza Januari na kichwa kinaniuma. Serikali ibebe gharama za shule kama ilivyo toka 2016 ilipofuta ada, turudi kuchangishana kama zamani, ama nijikaze nimpeleke shule ya kanisa? Jana nimeshika daftari la mtoto wa jirani, darasa la tatu, toka wafungue limesahihishwa kurasa mbili tu!

mama_pacha: Kaka bure ni ada tu. Wangu wawili wako ya serikali, Jumatatu rimu, Jumatano fagio, Ijumaa hela ya mtihani, bado mahindi na maharage ya makande, ukichelewesha mtoto anakaa anaangalia wenzie wanakula.

hesabu_kali: Tupige hesabu basi. Ruzuku, yaani hela serikali inayoipa shule ya msingi, ni 10,000 kwa mtoto kwa MWAKA, 6,000 ndo inaingia akaunti ya shule, 4,000 inabaki huko juu ya vitabu. Shule ya watoto 400 ni milioni 2.4, gawa miezi 12 unapata laki mbili, humo toa chaki, mitihani, kitasa kimevunjika, choo kimeziba. Mishahara inalipwa pembeni sawa, ila mwalimu mkuu hata asipokula senti atafika wapi na hiyo?

dogo_wa_ngaramtoni: Mkuu nakuelewa ila michango msiisifie. Zamani ada ya sekondari ya kutwa ilikua elfu 20 kwa mwaka, mwenzangu akarudishwa home kwa hiyo hiyo elfu 20 na hakurudi tena, leo anabeba magunia sokoni Kilombero hapa Arusha. Bora tubanane kwenye dawati.

mwl_mstaafu: Wanangu, huku Uchagani shule nyingi zilijengwa na misheni na wazazi wenye kahawa zao, serikali ikaja kuzichukua kwa sheria ya 1969. Kwa hiyo kuchanga tumekuzoea, ubaya ni kumfukuza mtoto kwa sababu baba yake hana. Mzazi aende kikao, adai kuonyeshwa ruzuku imetumikaje, halafu ndo achangie. Ila vikao vyenyewe wanaume hamji, mnatuma mabinti wa kazi.

meku_wa_kibosho: Shikamoo mwalimu, hapo umenigusa. Ya kanisa wameniambia milioni moja na nusu na basi halimo, kwa mgomba huu siwezi. Naenda ya serikali na vikao nitahudhuria mwenyewe.

mama_pacha: Karibu. Fagio nunua la chelewa, la plastiki wanalirudisha.